Mama mlezi

Rau, Moshi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema hapo Camphill, ile jumuiya ya Aberdeen, Uskoti, wanataka uwe mlezi wa nyumba, ukae humo na mwanao pamoja na watu wenye ulemavu. Unauliza mtoto atakosa nini. Halafu chini kabisa umeniuliza kama, usiku ule wa malaria, nilijua uko macho.

Nianze na hilo la kwanza. Kila anayeitaja Camphill humtaja Karl König, mwanzilishi wake, yule daktari wa watoto aliyewakimbia Wanazi kutoka Vienna. Sawa. Ila tarehe 1 Juni 1940, siku ya kuhamia kwenye shamba la Camphill, yeye na wanaume wenzake walikuwa kizuizini, Waingereza wakiwahesabu raia wa nchi adui. Waliohamisha vitanda, vyungu na watoto ni wanawake. Mkewe, Tilla, alikulia kwenye jumuiya ya Wamoravian, kanisa lile lile la bibi yako wa Tukuyu. Imani ya mahali kama hapo mtoto haisikii kwenye hotuba za mwanzilishi. Anaijua kwa mkono unaomwogesha, na kwa namna anavyoamshwa akiwa amekojoa kitandani. Kwa hiyo kazi unayopewa si ndogo, na usikubali mtu akuite msaidizi.

Sasa sisi. Baba yako alikuwa barabarani na lori la Tunduma, nami nikapokea nyumba ya watoto kumi na wawili kwenye ile jumuiya ya kanisa, wewe na kaka yako mkiwa ndani ya hesabu hiyo. Sheria ilikuwa moja: watoto wote sawa. Sufuria moja, sabuni moja, na asiwepo wa kupendelewa. Ulipougua ukalazwa chumba cha wagonjwa kama wengine. Nilipita na tochi, nikaweka mkono kwenye kila paji la uso, lako muda ule ule kama la mwenzio. Asubuhi ukaniita "mama mlezi". Wakubwa wakanisifu kwenye sala ya jioni kwamba sibagui, nami nikafurahi. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Baadaye nilinunua jiko la mafuta ya taa, nikaliweka chumbani kwetu. Jumapili mchana tulimenya ndizi sisi watatu tu, tukapika machalari, mlango umefungwa. Niliitwa nikaulizwa. Nikasema nitaacha kazi kabla sijaacha Jumapili. Wenzenu walisimama mlangoni, ni kweli, na iliniuma. Lakini yule mmoja aliyekuwa akilia zaidi, siku hizi fundi seremala Majengo, huja kila Krismasi, na aliwahi kuniambia alifurahi kujua kuna mtoto ambaye mama yake hufunga mlango ili akae naye.

Kwa hiyo kabla hujakubali, waulize. Utakuwa na mlango wako na jiko lako? Mwanao akiugua usiku, nani atashika nyumba ili wewe ukae naye? Habari za kutolipana mishahara usizianze nazo, hizo mtaelewana. Wakisita kwenye hayo mawili, rudi nyumbani, chumba kipo.

Na usiku ule, ndiyo. Nilijua uko macho. Nikaenda kitanda cha pili.

Mama yako