Ahirisha hilo trekta: juu kukauka si shamba kukauka

Mkuu, kabla hujasoma zaidi, mpigie mwenye trekta umwambie asije. Kama umeshatoa kianzio, omba akusogezee tarehe. Akikataa, acha kianzio kiende. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ile ninayotaka kukuepusha nayo.

Umeuliza mambo manne: udongo wako ni wa aina gani, upande nini, mbolea ipi inafaa, na kama ni sawa kupitisha sabsoila, lile jembe refu la trekta la kupasua tabaka la chini, keshokutwa "kwa kuwa juu pameshakauka pamekuwa peupe". Umesema mvua ikinyesha maji yanatuama siku nne au tano na mahindi yanageuka manjano yakiwa magotini. Nilipofika kwenye hilo neno "peupe" moyo ulinilipuka. Ni maneno yangu yaleyale, nilimwambia mke wangu asubuhi moja nikiwa nimesimama pembeni ya shamba, na yalinigharimu misimu mitatu.

Udongo ulionao naujua. Sugua kidogo kati ya vidole. Haukwaruzi kama mchanga wala haunati kama udongo wa mfinyanzi, unateleza tu kama unga mkavu. Hilo ni tope laini, wengine wanaliita silti, chembe zenye upana wa kati ya milimita 0.002 na 0.05. Si udongo mbaya, nasema kwa nia njema kabisa. Ukiwa na afya, kina cha mita moja kinaweza kushika takriban milimita 200 za maji ambayo mmea unaweza kuyanywa, kiasi ambacho mchanga hauoti hata ndotoni. Ubaya wake ni kwamba chembe hizo hazishikani. Ni ndogo mno kukaa kama mchanga na kuacha matundu makubwa, ni kubwa mno kunatana kama mfinyanzi. Tone la mvua likigonga, vibonge vinavunjika, vumbi linaziba matundu, jua likitoka juu panakuwa ganda la milimita chache, gumu, jeupe. Chini ya ganda hilo kuna uji.

Narudia hapo maana ndipo penye kilio changu. GANDA JEUPE JUU, UJI CHINI. Sentimita tano za juu zinakauka kwa siku mbili za jua. Sentimita ya thelathini inaweza kubaki imelowa wiki tatu, kwa sababu maji hayana pa kwenda.

Mimi nilianza kama wewe. Maji yalituama, mahindi yakadhoofika, nikaambiwa una tabaka gumu chini, leta sabsoila ipasue, maji yatashuka. Aliyeniambia alikuwa ndiye mwenye trekta. Alikuja, akapiga kisigino juu ya ganda, likalia kama kigae, akasema, "Bosi, pamekauka, twende." Hakushuka na jembe. Hakuchimba hata shimo la kufukia kuku. Alikuwa analipwa kwa eneo, na kila siku ya kusubiri ilikuwa siku asiyolipwa, kwa hiyo kisigino chake kilikuwa na haraka kuliko macho yangu. Hasira niliyonayo kwake haijaisha mpaka leo na sioni kwa nini iishe. Mtu anayekodisha chuma cha kushuka nusu mita ardhini ana wajibu wa kujua kilichopo nusu mita ardhini.

Sasa sikiliza sabsoila inavyofanya kazi, maana hakuna aliyenieleza. Ikipita kwenye udongo mkavu, jembe linanyanyua tabaka, tabaka linapasuka, nyufa zinasambaa kushoto na kulia kwa umbo la V. Nyufa hizo ndizo dawa. Chuma chenyewe si dawa. Ikipita kwenye udongo uliolowa, hakuna kinachopasuka. Chuma kinakata mfereji mwembamba kama kisu kwenye sabuni, kuta za mfereji zinalainishwa zinang'aa, na matundu yote madogo yaliyokuwa kwenye kuta hizo yanazibwa. Unaishia na mistari ya mitaro iliyopakwa ndani kama chungu.

Na hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine ni tairi. Udongo ulioshiba maji kiasi, siyo ule unaoelea, ndio unaoshindiliwa kwa urahisi kuliko wote, kwa sababu maji yanazifanya chembe ziteleze zipangane. Tairi la nyuma likiteleza, linakanda chini yake kama mfinyanzi anavyokanda tope. Watu watakuambia punguza upepo kwenye tairi. Ni kweli inasaidia sentimita za juu, lakini kinachoamua ushindiliaji ushuke hadi wapi ni uzito unaobebwa na ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu. Mzigo wa tani 10 kwa ekseli kwenye udongo uliolowa unaweza kushindilia kupita sentimita 40, mahali ambapo jembe lako la mkono halitafika daima.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikaona mabonge, nikamwambia apitishe haro, ile ya kuvunja mabonge, mara mbili shamba lipendeze. Likapendeza kweli, laini kama kitanda. Mvua ya kwanza ikaja, ule unga wote ukaganda kuwa sakafu. Mbegu zilizokuwa na nguvu zilitoka kwa kuinua ganda kama vifuniko, nyingine zilijikunja chini yake zikafa. Mvua ya tatu maji yakajaa kwenye mistari ya sabsoila, yakatulia humo, na safari hii hayakukaa siku tano. Yalikaa siku kumi na moja. Nilihesabu.

Msimu uliofuata niling'oa mahindi kumi kuangalia mizizi. Yote kumi: mizizi imeshuka kama kina cha kiganja, imegonga, imepinda ikaenda mlalo kama inatafuta mlango. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kabla ya trekta nilikuwa na shamba lenye maji yanayochelewa kushuka. Baada ya trekta nilikuwa na sakafu niliyoinunua mwenyewe.

Kuna jirani aliyenitia moyo nifanye vile kwa sababu yeye alipitisha sabsoila kwenye unyevu na "hakuna kilichotokea". Jirani huyo ana mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi mpaka unaingiza mkono. Udongo ule unavimba na kusinyaa, ukikosewa mwaka huu unajipasua wenyewe mwakani. Wa kwetu hausinyai vya kutosha. Ukiushindilia, umekaa. Kwa hiyo mchangiaji yeyote hapa anayekupa ruhusa, muulize kwanza udongo wake kiangazi unapasuka au haupasuki.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: USIPIME UKAVU KWA JUU, PIMA KATIKA KINA CHUMA KITAKAPOFIKA. Sabsoila inakwenda sentimita 40? Chimba sentimita 50, mahali patatu au panne, na pamoja napo iwe ile sehemu ya chini ambako maji hukaa mwisho. Chota udongo wa sentimita 10, wa 25 na wa 40, kila mmoja kivyake.

Kipimo kinachosemwa kila mahali ni cha kuviringisha kamba: ukiweza kuutengeneza kamba nyembamba ya milimita 3 bila kukatika, umelowa mno, usilime. Ni kipimo kizuri kwa mfinyanzi. Kwetu kinadanganya, kwa sababu tope laini halina mnato, kamba inaweza kukatika wakati udongo bado uji. Fanya hivi badala yake. Weka bonge lenye unyevu kiganjani, litetemeshe, gonga kiganja upande na mkono mwingine. Kama uso unaanza kung'aa kwa maji, kisha ukilibonyeza mng'ao unapotea, hilo ni tope laini na limejaa maji. Kama haling'ai, likamate ulifanye tufe halafu ulisukume kwa kidole gumba. Likibonyea likaacha alama ya gumba, bado. Likipasuka na kumomonyoka vipande vipande, hapo ndipo unaweza kumpigia mwenye trekta. Na ni lazima la sentimita 40 ndilo limomonyoke. La juu litamomonyoka kila siku, halikuambii kitu.

Ukiwa humo shimoni angalia rangi, maana umeuliza udongo ni wa aina gani na jibu limeandikwa ukutani mwa shimo. Utaona kahawia juu, kisha mahali fulani panaanza madoa: kijivu kimechanganyika na rangi ya kutu. Maji yakijaa, hewa inaisha, vijidudu vya udongo vinakosa pumzi na kuanza kutumia madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo. Chuma kinayeyuka na kuhama, panabaki kijivu. Maji yakishuka, hewa inapenya kwenye njia za mizizi, chuma kinaganda tena kama kutu. Kwa hiyo madoa yanapoanzia ndipo maji hufika na kukaa, hata kama umechimba kiangazi na shimo ni kavu. Kijivu kitupu kuanzia juu ni kinamasi. Kahawia safi hadi mita moja ni shamba linalochuja vizuri. La kwako, kwa maelezo yako, litakuwa katikati. Na vijidudu hivyohivyo, kabla ya kugeukia chuma, hula naitreti, ile naitrojeni ambayo mmea hunywa, na kuitoa hewani kama gesi, ndiyo maana mahindi yako ni manjano ingawa uliweka mbolea.

Halafu angalia maji yanatoka wapi. Hili lingeniokoa peke yake. Kama juu ya tabaka gumu ni uji lakini chini yake udongo una unyevu wa kawaida tu, maji yameninginia juu ya tabaka, na kulipasua kunaweza kusaidia, wakati wa ukavu, tena ukishuka sentimita chache tu chini ya tabaka lenyewe. Lakini kama shimo linajaa kuanzia chini, polepole, hadi maji yakasimama usawa mmoja, hayo ni maji ya ardhini yanayopanda. Sabsoila haitayafanya chochote. Utakuwa umeyafungulia mlango tu.

Kuna mwenzetu hapo juu kakushauri umwage mchanga. Mkuu, piga hesabu. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 2,000 za udongo. Ukitaka mchanga uwe japo moja ya tano, ni mita za ujazo 400, sawa na safari nyingi za lori zito, likipita juu ya shamba lilelile tunalojaribu kuliokoa. Na mwingine kasema uzike mabomba yenye matundu. Hilo linaweza kufaa ikiwa una mahali pa chini pa kumwaga maji, lakini kwenye udongo huu lazima bomba livikwe kitambaa cha kuchuja, la sivyo tope linaingia na kulijaza.

Kilichonisaidia mimi kilikuwa cha pole sana na hakikuwa na injini. Kwanza nilichimba mtaro upande wa juu kuzuia maji ya mteremko yasiingie, na nikahakikisha una pa kutokea. Nikaacha kulima tambarare nikapanda juu ya matuta, ili mizizi ipate japo sentimita 20 zenye hewa. Nikaacha mabua yote shambani yapokee matone ya mvua badala ya udongo. Na kipande kilichoumia zaidi nilikiacha na nyasi misimu miwili bila kukigusa. Kiliniuma kukitazama hakizai, lakini mizizi ya nyasi, ile myembamba kama nywele, ndiyo iliyoanza kurudisha vibonge. Msimu wa nne nilichimba tena, nikaona mashimo ya minyoo yamepita kwenye ile sakafu. Niliita watoto waje waone. Hawakuelewa kwa nini baba yao amepiga magoti shimoni anashangilia minyoo.

Mistari ya sabsoila bado ipo, lakini. Mwaka huu kwenye mvua kubwa niliiona tena, maji yamejipanga katika safu zilezile zilizonyooka.

Basi kesho asubuhi chukua jembe, siyo simu ya mwenye trekta. Chimba pale maji yanapokauka mwisho, kisha urudi hapa utuambie mambo mawili: madoa yameanzia sentimita ya ngapi, na tufe la sentimita 40 limebonyea au limemomonyoka. Ukiweza weka picha ya ukuta wa shimo, ipige kivulini ili rangi zionekane. Nitakuwepo jioni.