Amani imesainiwa? Usipakie mzigo kwanza

Tangu Juni 2025, Congo na Rwanda ziliposaini makubaliano yao ya amani Washington, vijana wa hapa Kibirizi, bandari yetu ya maboti Kigoma, hawaachi kunipigia simu: "Mzee, tuongeze mzigo wa Uvira?" Uvira ni ng'ambo ya ziwa, Congo. Nawaambia wasubiri. Hasara ya jambo hili nimeshaila.

Tarehe 28 Agosti 2000 tulikuwa kwenye kahawa, Mwanga, tumeizunguka redio. Mandela, aliyepokea usuluhishi wa Burundi baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999, alikuwa Arusha, na Clinton naye kafika. Mkataba wa amani ya Burundi ukasainiwa. Nikajisemea, wakubwa wote hawa wakishashika jambo, nani atathubutu kulivuruga? Nikapakia chumvi ya Uvinza na sabuni, nikamkopesha mteja wangu wa Bujumbura mzigo wote. Februari 2001 wapiganaji wa FNL, waasi wa Burundi, wakaingia Kinama, ndani ya Bujumbura kwenyewe. Mteja wangu alikuwa na duka huko. Sijamsikia hadi leo, na wala simlaumu.

Kosa lilikuwa langu. Nilihesabu waliokuja Arusha, sikuuliza nani hakuja. Wenye bunduki porini, CNDD-FDD na FNL, hawakuwa wamesaini. CNDD-FDD walikubali kweli kweli Novemba 2003, FNL wakasaini Septemba 2006, pale Dar es Salaam. Katikati ya miaka hiyo Afrika Kusini haikuchoka: ilileta askari 2001 kuwalinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni, 2003 ikaingia na Ethiopia na Mozambique chini ya Umoja wa Afrika, na Zuma, msuluhishi wao, akawa kiguu na njia. Mimi nilirudi sokoni 2004, kwa mzigo mdogo.

Msidhani mkubwa akibana basi mambo yananyooka. Buyoya alipopindua nchi Julai 1996, majirani, sisi tukiwemo, tuliiwekea Burundi vikwazo hadi Januari 1999. Wanasiasa walisema ndivyo vilivyomsogeza mezani, na huenda ni kweli. Huku ziwani maboti yalivuka usiku. Mwenye leseni alifunga duka, mwenye magendo akajenga nyumba.

Sasa rudini Washington. Zilizosaini ni serikali mbili. M23, waasi wa Congo walioichukua Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, hawakuwa kwenye karatasi ile. Mazungumzo yao na Kinshasa yalifanyika kando, Doha. Kwa hiyo uza taslimu. Mkopo wa ng'ambo uache hata kwa mtu unayemwamini, maana vita haimuulizi kama ni mwaminifu. Usiweke mtaji wote kwenye boti moja. Na kabla ya redio, waulize manahodha wanaolala kule: vizuizi vya njiani vimepungua, au vimebadilisha wenyewe tu?

Mimi huangalia pia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi. Wakimbizi wakianza kuondoka wenyewe, bila kusukumwa, naanza kuhesabu magunia. Wakiongezeka, natia kufuli. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijaa Kagunga, kijiji cha mpakani, kipindupindu kikawaingia, meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu tushangilie Arusha.

Juzi kijana mmoja kanibishia, bei ya Uvira nzuri sana, Mzee. Nikamuuliza nani analipa, na lini. Akanyamaza. Kisha akasema basi atapeleka magunia matano.