Kwa mnaohamia Njombe peke yenu mkiwa na miaka arobaini na kitu

Nawapenda sana wageni wetu, lakini msimu huu mmenichosha. Mnafika kitaluni kwangu, wengi mmetoka Dar, umri kati ya arobaini na hamsini, na kila mmoja yuko peke yake. Huyu ndoa imemshinda, yule kampuni imepunguza watu, mwingine kaamua tu kwamba foleni ya Mbezi haitamzeesha. Wote mnataka kuanza upya na wote mmesikia habari za parachichi. Juzi mmoja kaniagiza miche 300 ya Hass, ile aina ya parachichi ya kuuza nje. Shamba lenyewe kaliona kwenye simu, dalali kamtumia picha. Na ni Agosti! Mvua ya kueleweka huku ni mwishoni mwa Novemba. Nikamuuliza, kaka yangu, miche yote hiyo utaimwagilia na nini? Akasema ataangalia.

Basi nimeona niandike kabla hajaangalia. Mimi mwenyewe nilikuwa katibu muhtasi Dar, nikaja huku nikiwa na miaka arobaini na minne, mabegi mawili na kiinua mgongo. Hata sasa kuna wanaoniita Mama Dar.

1. Njoo kwanza Julai, ulale wiki nzima, halafu ndiyo uamue. Mji wa Njombe unakaribia meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu anakuja Februari, anakuta vilima vya kijani, chai ya maziwa, ukungu wa kupigia picha, anarudi Dar kuuza makochi. Julai hiyo hiyo anagundua kwamba nguo alizofua Jumatatu bado mbichi Alhamisi, na kwamba saa moja usiku mtaa mzima umeshajifungia ndani. Upweke wa Dar una kelele, unaweza kutoka ukakaa kibarazani ukatazama watu. Wa huku una blanketi mbili na mlango uliofungwa. Kuna dada mmoja alivumilia mpaka Nane Nane, akapanda basi. Simcheki, alijijua mapema.

Jiko la mkaa lisilale nawe chumbani. Linaua. Hapo sina hadithi.

2. Chumba usilipie kwa simu. Lipa gesti siku chache, tembea kwa miguu, uliza maji yanatoka siku zipi na LUKU ni yako au mnachangia na mwenye nyumba anayechomelea mageti uani. Kodi ya miezi sita lipa ukishaona. Na njoo na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa ulikotoka, upeleke kwa mwenyekiti wa mtaa wako mpya wewe mwenyewe, usimtume kijana wa bodaboda.

3. Utaulizwa wewe ni mgeni wa nani. Hili swali linawaudhi watu wa Dar kuliko baridi. Mnaliona umbea. Kijana wa miaka ishirini na mitatu akishuka stendi peke yake ana maelezo: ni mwalimu mpya, ni nesi kapangiwa, ni mwanafunzi. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, hana mume, hana mke, hana ajira, hana hata binamu Makambako, huyo anaeleweka vipi? Kwa hiyo watu wanajaza wenyewe. Mimi nilipokaa kimya nilijaziwa kesi ya wizi wa benki. Benki! Mtu niliyekuwa napiga chapa barua za wenzangu.

Jibu lako liwe fupi na la kweli. "Kazi iliisha, watoto wamekua, nimekuja kutafuta maisha." Sema mara moja kwa mjumbe, mara moja kwa mama muuza mboga, na siku ya tatu mtaa mzima una taarifa sahihi. Mimi nilisema niko "kikazi", kwa sababu nilitaka nionekane nina ofisi nyuma yangu. Uongo ule ulinigharimu, na ndiyo unanileta kwenye namba nne.

4. Ardhi. Hapa tulieni.

Nilipata shamba ekari nne, kijiji kimoja si mbali sana na mjini, kupitia dalali. Muuzaji alikuwa kijana mpole, anaongea kwa adabu, alisema ni la baba yake marehemu na yeye ndiye mtoto wa kiume. Dalali akaninong'oneza kwamba tukipita ofisi ya kijiji nitadaiwa ile asilimia kumi yao, bora tuandikiane wenyewe kwa mwanasheria mjini. Nikajiona mjanja. Tukaandikiana, mashahidi wakawa dalali na rafiki yake muuzaji, nikatoa karibu robo tatu ya kiinua mgongo changu. Karatasi ilikuwa na muhuri mwekundu mzuri sana. Niliilaza chini ya godoro.

Vibarua niliwachukua Makambako, kwa sababu wa pale kijijini walitaka zaidi kidogo. Nilikuwa naenda kwa bodaboda asubuhi, narudi jioni. Njiani watu wananisalimia, "Kamwene, mama," nami naitikia "Kamwene" nikiwa juu ya pikipiki, najisikia nimeshazoea. Jirani wa upande wa juu alifiwa na mama mkwe. Nilisikia kwa dereva. Nikatuma rambirambi kwa simu, sh. 10,000, nikaendelea na ratiba, maana siku hiyo nilikuwa nawalipa vibarua. Nilidhani nimefanya vizuri. Dar ningeambiwa ahsante.

Katikati ya shamba palikuwa na rundo la mawe na mti mmoja mkubwa. Nikajua ni mawe yaliyokusanywa na wakulima wa zamani wakisafisha, kama ilivyo kawaida. Nikawaambia vibarua wayachukue wayapange kuzunguka miche, yashike udongo, maana pale pana mteremko. Yakapendeza mno. Nikapiga picha, nikamtumia mdogo wangu Tandika.

Msimu wa pili wa mvua alikuja mama mmoja mtu mzima, na wenzake wawili. Hawakugomba. Walisimama ukingoni mwa shamba kwa muda, kisha yule mkubwa akaingia, akatembea mpaka kwenye ule mti, akazunguka akitafuta kitu. Nikamfuata na tabasamu langu la kitaluni. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha taratibu kabisa, "Mama, mawe ya baba yuko nayo nani?"

Naomba msinilazimishe kueleza dakika zilizofuata. Nilimwonyesha tu kwa mkono. Mche mmoja, mche wa pili, mche wa tatu, mistari yote.

Yule kijana alikuwa mjukuu. Marehemu mwenye shamba alikuwa babu yake, mirathi haikuwahi kufunguliwa, na mashangazi walikuwa hai, mmoja kaolewa Ludewa na mwingine Makete. Kila mtu kijijini alijua. Pesa yangu ilikwishafika Tunduma pamoja na mwenyewe. Nikaenda ofisi ya kijiji kwa mara ya kwanza, na karatasi yangu yenye muhuri. Mtendaji akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa huruma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, haitambui haki ya kimila kuhamishwa kwa mgeni bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Ningelijua hilo kwa kukaa kwenye benchi lao nusu saa.

Lakini hicho sicho kilichonikosesha usingizi. Nilimwendea yule jirani wa juu, yule niliyemtumia elfu kumi, nikamlaumu. Kwa nini hukuniambia, ukiona natoa mawe ya kaburi? Akaendelea kupukuchua mahindi. Akasema, "Mwaka mzima unapita hapa na helmeti kichwani, mama. Hukushuka. Tukajua wewe ni wa ofisi, umetumwa, una ruhusa." Uongo wangu wa "kikazi" ulikuwa umefika mpaka shambani, ukaniwekea ukuta.

Mawe niliyarudisha mwenyewe, bila kibarua. Baadhi ya miche tuliihamisha mvua zikiendelea, mingi ikafa, kwa sababu parachichi la umri ule halipendi kung'olewa. Usuluhishi ulifanyika, nikasaini kwamba sina dai. Kiinua mgongo kiliishia hapo, na niliporudi chumbani kwangu nilikuwa na unga, maharage na aibu. Kitalu nilicho nacho leo kiko kwenye kiwanja cha kukodi, na aliyenisindikiza kwa mwenye kiwanja akasema "huyu ni wa kwetu" ni yule yule shangazi mkubwa aliyeniuliza mawe. Kwa nini alifanya hivyo sijawahi kumuuliza. Kodi nalipa kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, hata kama mwenye kiwanja anacheka.

Kwa hiyo ukitaka ardhi: kodi msimu mmoja kabla ya kununua. Ongea na majirani wa pande zote nne. Kama mwenye mali amefariki, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, na uwaone warithi kwa macho, hasa wa kike walioolewa mbali. Kama muuzaji ana mke au mume, naye akubali kwa maandishi. Pita halmashauri ya kijiji. Mkigombana, msitegemee baraza la kata litoe hukumu, siku hizi kazi yake ni kusuluhisha.

5. Msibani nenda kwa miguu yako. Chukua kuni, au osha masufuria, au kaa tu kwenye mkeka. Pesa tuma baadaye.

6. Mambo ya shamba, haraka haraka, kwa sababu haya mnaweza kuyauliza kwa bwana shamba na hamuulizi. Mvua huku ni msimu mmoja, si vuli na masika ya kwenu. Bonde la bei poa lina sababu ya kuwa bei poa: baridi inatelemka usiku, sakitu, yaani umande ulioganda, inachoma miche michanga. Vinyungu, zile bustani za kando ya mto, visikutamanishe, sheria ya mazingira inataka meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Ukipanda kwa nafasi ya 7 kwa 7, ekari inaingiza kama miche 80, kwa hiyo ndugu yangu wa miche 300 anahitaji karibu ekari nne, na sidhani kama picha yake inafika hapo. Parachichi la kubebesha, yaani la mche uliounganishwa, halikulishi mwaka wa kwanza wala wa pili. Panda viazi katikati, au uwe na kazi nyingine ya mkono. Ukipanda miti ya mbao, lima barabara ya kuzuia moto kabla ya Agosti, na umjue jirani anayechoma.

Ulanzi, pombe ya mianzi: mtogwa wa asubuhi ni mtamu na hauna neno. Wa jioni, mkangafu, unywe ukiwa na mtu anayejua unapoishi. Kuna mwalimu mstaafu kutoka Kigamboni alilala kwenye mtaro wa barabara ya Songea na viatu kavua kavipanga vizuri pembeni.

Kikoba jiunge ukishajulikana. Ukiombwa uwe mweka hazina mwaka wa kwanza, kataa. Hawakuheshimu, wanatafuta mtu asiye na shemeji wa kumtetea.

7. Mapenzi. Nyie mnajifanya hamkuja kwa hilo, na mwezi wa nne nawaona sokoni mmebebeana vikapu. Hongereni. Ila utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliipa Njombe maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, juu kuliko mikoa yote. Mtu aliyetoka kwenye ndoa ya miaka ishirini hana hata mazoea ya kuuliza, anaona aibu, anasema sisi watu wazima bwana. Watu wazima ndio hao hao kwenye hesabu. Nendeni wote wawili mkapime kabla. Dawa zipo, ni bure, na ninaofanya nao kazi wanazinywa na wananishinda kupanda mlima.

8. Weka nauli ya kurudi, pamoja na kodi ya miezi mitatu ya huko unakorudi, mahali ambapo shamba haliwezi kuifikia. Watoto wakikupigia kila Jumapili kuuliza unarudi lini, usiwape tarehe kwa hasira. Kuna kaka mmoja alikuja hapa na mipango ya ufugaji wa nguruwe, ugonjwa ukapita, banda likabaki tupu. Yeye nauli yake ilikuwepo. Alikaa wiki moja akiaga nyumba hadi nyumba, na mjumbe akamsindikiza stendi. Sasa yuko Mbagala anauza viazi vya huku kwa jumla, mzigo namtafutia mimi, na kila Jumatatu tunagombana kuhusu ujazo wa gunia.