Kabla ya geji ya boosti: mafuta yanapita wapi?

Kijana akishafunga tabo kubwa kwenye Subaru yake, hukimbilia geji ya boosti (presha ya hewa ambayo tabo inaisukuma injini), maana sindano yake hucheza na abiria wote huiona. Mimi ningeiweka mwisho. Pesa ikiwa chache, anza na presha ya oili, kisha presha ya petroli, kisha ile ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Joto la maji nalo lisikudanganye: katika magari mengi sindano ya kiwandani imetengenezwa itulie katikati hata joto likipanda kiasi, na ikianza kusogea huenda gasketi imeshaungua.

Geji ya presha ya petroli ndiyo ninayoipigia debe zaidi. Injini nyingi za injekta hufanya kazi kwa presha ya msingi ya karibu bar 3, yaani psi 43 hivi, ukiwa umechomoa kijimpira cha vakyumu kwenye regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya petroli. Ukirudisha kijimpira, presha hupanda sawasawa na boosti: ukisukuma psi 15, geji isome karibu 58. Watu hukanyaga ule mnyoosho wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, huku kwetu Kilifi (si pa kukanyaga, kuna watoto wa shule na bodaboda), na hapo ndipo pampu dhaifu hujulikana. Sindano ikishuka huku boosti imesimama, ondoa mguu. Petroli ikipungua pistoni huungua, haingoji.

Lakini usikubali fundi akuletee petroli ndani ya gari kwa kijipaipu mpaka kwenye dashibodi. Tumia geji ya umeme yenye sensa, au ile ya kawaida ibaki chini ya boneti.

Sensa za geji za Kimarekani mara nyingi huja na meno ya NPT (kipimo cha Kimarekani) ya 1/8, meno 27 kwa inchi. Tundu la oili la Subaru na Toyota nyingi ni BSPT (kipimo cha Kiingereza), meno 28 kwa inchi. Kwa macho huoni tofauti. Unazungusha kwa mkono, inaingia vizuri, halafu inagoma. Fundi anachukua spana, anavuta, na aluminiamu inapasuka. Nunua adapta, bei yake si kitu.

Mipira ya petroli, soma maandishi yake. J30R7 ni ya kabureta. Ya injekta ni J30R9. Inayozama ndani ya tangi ni R10, kwa sababu ngozi ya nje ya hizo nyingine haikutengenezwa kukaa ndani ya petroli. Klipu zenye matundu hukata mpira, tafuta za injekta zenye kingo zilizokunjwa. Kwa gari la barabarani, paipu ya saizi namba 6 (kipimo cha AN) yatosha wengi. Namba 8 mara nyingi ni ya kuringia. Wengi husahau paipu ya kurudi, ile inayorudisha petroli kwenye tangi: ikiwa nyembamba na pampu ni kubwa, presha hupanda gari likiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyagwa) na huwezi kuishusha kwa regyuleta.

Mpira uliosukwa kwa waya wa chuma unapendeza, ila ukigusa kitu husaga kama msumeno. Ufunge mbali na waya za umeme na mbali na egzosi.

Na hapa kwetu kuna chumvi. Kusi likivuma, paipu ya chuma chini ya gari huanza kutu mapema. Ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli haishiki kutu. Shaba tupu usiweke, mtikisiko huifanya ngumu na kuipasua. Waya wa eathi wa sensa nao huota ukijani, na geji huanza kusema uongo. Usugue, upake grisi.

Siku ya kwanza usiwashe injini. Fungua swichi tu, pampu ijaze, ufute kila kiungo kwa tishu nyeupe, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu. Ikibaki kavu, washa, nenda Watamu taratibu, rudi, kisha ufute tena injini ikiwa ya moto.