Kabla Hujatandika Ramani Mbele ya Watu

Wadogo zetu, kila kundi jipya likiingia kwenye kazi ya mipango tunaliona jambo lilelile. Gari linasimama nje ya ofisi ya mtaa, vijana wawili wanashuka na bomba la ramani, na mwenyekiti hajamaliza hata kuwatambulisha, karatasi imeshabandikwa ukutani. Kijani huku, njano kule, na mstari wa nukta umekatiza mashamba ya watu. Kisha mnauliza, "Wananchi, mna maoni gani?" Hapo maoni mmeshayaua.

Haya ni ya ninyi mnaotumwa kukusanya maoni kwa ajili ya mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa muda mrefu wa matumizi ya ardhi, wa chuo kikuu hapa Dodoma. Dodoso, vikundi vya majadiliano, orodha ya wadau, muhtasari: hayo mnayajua, hatuyaelezi. Tunasema yanayoharibika mkishafika uwanjani.

1. Jueni mnakanyaga ardhi ya namna gani

Dodoma neno "mpango" si geni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa 1973, mpango kabambe wa kwanza ukatoka 1976, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikashika ardhi ya mji hadi ilipovunjwa Mei 2017. Kazi zake zikaenda manispaa, na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Katikati ya hayo, mwaka 2007, kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma, kikakusudiwa kufikia wanafunzi 40,000. Mzee wa Ng'hong'honha au Iyumbu ameona vigingi vikipigwa katika vipindi vyote hivyo. Ukimwambia "huu ni mpango wa miaka ishirini", miaka ishirini haisikii kabisa. Anasikia kigingi.

Kwa hiyo kabla ya mkutano wa kwanza fungueni mafaili. Mpaka wa hati ya chuo unapita wapi hasa? Nani alilipwa, nani bado anadai, nani analima ndani ya mpaka kwa ruhusa na nani kwa mazoea tu? Njia za ng'ombe ni zipi? Makaburi yako wapi? Siku mbili za kusoma mafaili zinaokoa miezi miwili ya mabishano. Na mkiulizwa jambo msilolijua, liandikeni mbele ya aliyeuliza, mmtajie tarehe ya kurudi na jibu.

2. Kalenda

Mvua ya huku ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikishaanza, mtama na uwele havisubiri mkutano wenu. Mei na Juni watu wako kwenye mavuno. Nafasi ni Julai mpaka Oktoba, ila wenye zabibu waulizeni kwanza, maana wao huvuna mara mbili kwa mwaka. Mkutano uwe saa 9 alasiri, si saa 4 asubuhi. Jumamosi ya mnada wa Msalato iacheni. Kwa wanafunzi, epukeni wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, na wiki ambayo bumu, fedha yao ya mkopo, halijaingia, la sivyo mtarudi na maoni kuhusu bumu peke yake.

3. Ramani

Hapa tutakaa, kwa sababu kosa hili linatuuma. Linafanywa na sisi wenye taaluma, tena wenye nia njema, na madhara yake hayatupati sisi.

Linaanza hivi. Ofisini mna picha ya setilaiti, safi kabisa. Juu yake msanifu ameweka rangi za matumizi ya ardhi, na kwa kuwa mpango ni wa muda mrefu, ameongeza mstari wa nukta nje ya mpaka na kuandika "eneo tarajiwa la upanuzi". Kwake huo mstari ni wazo tu. Hajafanya hesabu, hajaenda kuona, angeweza kuufuta kwa sekunde mbili. Mnaichapa kwenye karatasi ya A0, mnaipeleka mtaani.

Sasa chukueni rula. Ili chuo kikubwa na mitaa inayokizunguka viingie kwenye karatasi moja ya A0, mizani ya ramani inakuwa kama 1:10,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita 100 za ardhi. Kwa mizani hiyo ekari moja ni kipande cha milimita 6 na kidogo kila upande, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kalamu nene ya milimita 5 mnayochorea inafunika mita 50 za ardhi. Ninyi mmechora mstari. Mama aliyesimama mbele ya ile karatasi anaona kalamu imepita juu ya nyumba yake, zizi lake na nusu ya shamba lake la karanga. Na rangi ikiwa nyekundu, au mkiwa mmeweka alama ya X kuonyesha "hapa pana changamoto", basi mmemaliza. Nchi hii kila mtu anajua X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba maana yake nini.

Mkutano utakwenda vizuri. Hilo ndilo linalowadanganya. Watu watanyamaza, wachache watashukuru ujio wa wageni, mmoja atauliza kuhusu ajira, mtaandika "wananchi waliupokea mpango kwa mtazamo chanya". Mtapiga picha. Mtaondoka.

Jioni hiyohiyo simu zinaanza kufanya kazi. Kuna aliyepiga picha ramani yenu, na ndani ya WhatsApp haina tena maelezo wala neno "tarajiwa", ina rangi tu. Siku chache baadaye dalali anapita: "Mzee, hapa chuo kinakuja, uza sasa hivi kabla hujakosa vyote." Mwenye shida ya ada ya mtoto anauza kwa bei ya kutupa. Mwingine anafanya kinyume, anasimamisha vyumba vya matofali ya haraka na kupanda miti ya kuhesabiwa kwenye fidia, anaingiza akiba yake pale, na fidia haipo wala haijawahi kupangwa. Wa tatu haonekani kwenye ripoti yoyote. Huyu alikuwa achimbe mitaro ya zabibu mwaka huo, akaacha. Mzabibu hauzai mwaka uleule unaopandwa. Unauwekea nguzo, waya, samadi na maji ukijua utakula mbele. Mtu asiyejua kama shamba ni lake miaka mitatu ijayo hapandi mzabibu. Mstari ambao msanifu aliufuta wiki iliyofuata umemgharimu misimu, na hakuna aliyerudi kumwambia kwamba umefutwa.

Huo ndio uchungu wenyewe. Tunafuta kwenye kompyuta, lakini kwenye vichwa vya watu hatufuti. Tukirudi mwaka wa pili tunakuta ofisi ya mtaa imejaa watu wakali, halafu tunaandika "wananchi wana uelewa mdogo". Hapana. Wamesoma ramani vizuri kuliko tulivyoichora.

Dawa yake si ngumu, inataka nidhamu. Raundi ya kwanza mnapeleka ramani ya yaliyopo tu: mpaka wa hati, barabara, makorongo, visima, shule, misikiti, makanisa, miti mikubwa inayojulikana kwa jina. Pendekezo hata moja lisiwepo. Kila mtaa uwe na karatasi yake ya A1 kwa mizani ya 1:2,500, inayobeba kilomita 2 kwa kilomita 1.5, hapo ekari ni sentimita mbili na nusu, mtu anaweza kuweka kidole akasema "hapa kwangu". Itandikeni chini kwenye mkeka, si ukutani, mawe manne pembeni kwa ajili ya upepo, na mwizungushe hadi kaskazini ya karatasi iangalie kaskazini ya kweli. Msianze kueleza. Mwombeni mtu mmoja aonyeshe korongo, mwingine kisima, mwingine njia anayopitisha ng'ombe. Zikipita dakika kumi wazee wameshainama wanasahihishana, na hapo kazi imeanza.

Raundi ya pili, kama miezi miwili baadaye, pelekeni njia mbili au tatu za kupanga eneo, watu wachague. Msipeleke moja, maana pendekezo moja ni taarifa. Kila moja iwe na faida na hasara zake, zimeandikwa kwa herufi kubwa, na neno RASIMU lipite katikati ya karatasi likiwa na tarehe, ili hata picha ya simu ibebe neno hilo. Rangi za kutumia ni bluu, kijani, kahawia. Kuchagua kuwe kwa punje za mahindi: kila mtu punje tano, aziweke anapotaka pabaki au pabadilike. Asiyejua kusoma na mwenyekiti wa mtaa wana punje sawasawa.

Ikiwa pendekezo lolote linavuka mpaka wa hati, hata kwa mita moja, halitoki ofisini mpaka wakuu wa chuo na jiji wameliona na kuna mtu mwenye mamlaka aliye tayari kusimama mbele ya watu kulisemea. Habari za fidia si zenu. Ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa, na sentensi moja ya huruma kutoka kwenu itanukuliwa miaka kumi.

4. Daftari la mahudhurio

Juu kabisa liandikwe: "Sahihi hii ni ya kuhudhuria, si ya kukubali." Namba za simu zikae kwenye karatasi tofauti na maoni, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria, mkulima aliyemlalamikia jirani mwenye cheo asiachwe wazi. Nauli iwe sawa kwa wote, itajwe mwanzoni.

5. Andikeni maneno yenyewe

Wawe waandishi wawili, na walinganishe daftari usiku uleule. Mfano: mtu anauliza, "Mkizungushia uzio hilo korongo, ng'ombe wangu wanywe wapi mwezi wa tisa?" Kwenye ripoti inageuka "wadau waliomba kuboreshewa huduma ya maji". Tazameni kilichopotea. Mahali pamepotea, mwezi umepotea, ng'ombe wamepotea, na sababu, ambayo ni uzio wenu, imepotea kabisa. Msanifu akisoma sentensi ya pili atachora bomba la maji kwenye hosteli. Akisoma ya kwanza ataacha pengo kwenye uzio au atajenga birika nje yake.

Mkutano ukiwa na wazee, awepo mtu anayesema Cigogo, lugha ya Wagogo wa huku, vizuri, si anayeweza kusalimia "mbukwenyi" akaishia hapo. Kuna mambo ya ardhi na makaburi ambayo mzee huyasema kwa lugha yake, na Kiswahili akakitumia kwa adabu tu. Wanawake wawe na kikao chao cha watu 8 hadi 10, kiendeshwe na mwanamke, kisizidi saa moja na nusu, kiwe karibu na kisima au zahanati wanakokwenda hata hivyo.

6. Ndani ya chuo

Fomu ya mtandaoni itawapa maoni ya wenye bando. Itumieni, maswali yasizidi kumi na mawili, lakini msiishie hapo. Tembeeni na wanafunzi kutoka hosteli hadi darasani saa 7 mchana, kisha saa 3 usiku, njia ileile. Mchana watawaonyesha pasipo na kivuli; usiku watawaonyesha mahali wanapoharakisha hatua, na hakuna dodoso litakalowaambia hilo. Mtembee pia na mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, mkiandika kila ngazi na kila mfereji usio na daraja. Njia za mkato zilizokanyagwa hadi udongo mwekundu ukaonekana, zipimeni upana: hayo nayo ni maoni, yameandikwa kwa miguu. Hesabuni vimbweta, yaani meza na viti vya nje vya kusomea, vilivyo juani na vilivyo kivulini, na saa ngapi vinajaa.

Halafu kuna wanaosahaulika. Mama lishe anajua kila kitivo kinatoa watu wangapi saa 6. Bodaboda wanajua geti lipi linabana. Walinzi wanajua taa ipi haiwaki, na wafanya usafi wanajua bomba lipi linavuja na choo kipi kimefungwa tangu muhula uliopita. Katika mji unaotegemea sana visima vya bonde la Makutupora, bomba linalovuja si jambo dogo. Wafuateni walipo, kabla au baada ya zamu, dakika ishirini zinatosha.

7. Rudini

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wahusika washirikishwe. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, wa dola milioni 425, ulioanza 2021 kwa fedha za Benki ya Dunia, nao unabeba masharti ya benki hiyo kuhusu ushirikishwaji wa wadau na njia ya kupokea malalamiko. Makaratasi hayo mtayajaza tu, mtake msitake. Lakini mtu wa mtaani anapima ushirikishwaji kwa kipimo kimoja: mlirudi au hamkurudi.

Tengenezeni jedwali la maoni tangu siku ya kwanza, safu saba: namba, tarehe, mtaa au kitengo, kundi, maneno yenyewe, jibu, na ukurasa wa mpango ambako jibu hilo linaonekana. Jibu linaweza kuwa "limekubaliwa", "limekubaliwa kwa sehemu" au "hapana", na "hapana" iwe na sababu ya mistari miwili. Watu wa huku huvumilia "hapana" yenye sababu. Ukimya hawauvumilii. Safu ya ukurasa ikibaki tupu kwa zaidi ya nusu ya maoni, msanifu wenu hajasoma, rudisheni rasimu.

Likikamilika, chapeni kila mtaa kurasa zake tu, kwa herufi za kusomeka bila miwani, mzibandike kwenye ubao wa ofisi ya mtaa ndani ya mfuko wa plastiki, na moja mumwachie mwenyekiti mkononi. Na kama raundi yoyote ilitoka na mstari ambao sasa umefutwa, ukurasa wa kwanza useme hivyo: mstari upi, ulipita kwa nani, umefutwa lini, nani ametia sahihi.