Jibu: Visasili vimejaa kwenye riwaya yangu, lakini wasomaji wanaviona mapambo

Ndugu, nimekuelewa: una joka, mizimu na upanga wa kiapo, ila waliosoma mswada wanasema ni urembo tu. Kosa si la viumbe. Kisasili, yaani hadithi ya kale ya jamii kuhusu miungu, mizimu au asili ya mambo, huishi kwa sababu kinalinda kitu ambacho jamii inakithamini au kukiogopa, na hicho ndicho ulichokiacha ulipokopa.

Mtazame J.R.R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kifantasia. Majina mengi ya mbilikimo wa The Hobbit (1937) aliyatoa katika Völuspá, shairi la kale la Kinorsi, lugha ya kale ya Skandinavia. Lakini majina ni jambo dogo. Kilichoipa kazi yake nguvu ni ule ushujaa wa hadithi za kaskazini mwa Ulaya, kupigana hata ukijua utashindwa. Ursula K. Le Guin, mwandishi Mmarekani, naye, katika A Wizard of Earthsea (1968), aliufanya uchawi utii mizani ya ulimwengu, wazo lililoathiriwa na falsafa ya Tao ya Wachina wa kale.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza kiumbe kingine (wametosha, samahani), jiulize: joka hili linamwadhibu nani, kwa kosa gani? Kama ni uchoyo, basi uchoyo uonekane sokoni, kwenye ndoa, kwenye ugomvi wa urithi. Kisha mpe mhusika mkuu sababu ya haki ya kuvunja mwiko ambao joka linaulinda. Riwaya ya leo ina ruhusa ya kubishana na wazee.

Tahadhari: kama kisasili ni sehemu ya ibada ya watu walio hai, zungumza kwanza na wenyewe. Mengine hayasimuliwi hadharani, na mhariri wako hawezi kukuamulia hilo.