Barua kwa mwanangu: masika yanapokaribia

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini kila mwezi wa tatu ukielekea mwishoni moyo unaanza kukuenda mbio, usingizi unakatika saa tisa usiku na hasira zinakupanda kwa vitu vidogo, ilhali ile ajali ya bodaboda pale Manzese imeshapita miaka mitatu na mguu umepona. Unauliza pia kama kuna mtu amekuchezea. Hakuna aliyekuchezea.

Mwili unaijua tarehe kabla hujaangalia kalenda. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, lami imeloa, petroli inanuka kwenye matope, na ubongo ukavihifadhi vyote pamoja na hatari. Masika yakirudi, mvua ya kwanza tu juu ya bati inauamsha woga, nawe unabaki kumtafuta mchawi kazini au kwa mumeo. Kwa wengi hali hii huanza siku au wiki chache kabla, hupanda siku yenyewe, kisha hushuka taratibu. Wapo hata waliofiwa Ramadhani ambao huumia mara mbili kwa mwaka, maana Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, lakini tarehe ya kizungu haihami.

Kwa hiyo usiisubiri tarehe 18 Aprili, siku ya ajali. Anza wiki tatu kabla. Kila jioni andika mistari miwili: hofu leo ilikuwa ngapi kati ya 10, na kabla haijapanda uliona, ulisikia au ulinusa nini. Utakuta vinavyoichokoza ni vilevile vichache. Zima zile picha za kumbukumbu zinazojileta zenyewe kwenye simu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, mwisho saa sita mchana. Vinaongeza mapigo ya moyo, nawe unadhani ni hofu. Bia ya kutafutia usingizi ndiyo mbaya zaidi: inakulaza upesi, halafu inakuamsha usiku wa manane.

Moyo ukianza mbio, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe kwa mdomo polepole ukihesabu hadi 6, dakika 5. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa za harakaharaka. Hapo kizunguzungu na ganzi ya vidole huzidi, mtu akaona anakufa. Kazi iko kwenye kutoa. Jizoeze asubuhi na jioni ukiwa umetulia, maana hofu ikishapanda si wakati wa kujifunza.

Sasa la Manzese, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kushuka Ubungo ukazunguka kwa barabara ya Sam Nujoma hadi Mwenge, eti usipite pale, kunakupa nafuu ya leo na kuilisha hofu ya kesho: mwili unaamini umesalimika kwa sababu umekimbia. Ila usijitose kwa siku moja. Jumapili asubuhi, jua likiwaka, panda basi la mwendokasi upite tu. Kaa dirishani, macho wazi, simu kwenye mkoba. Rudia mara kadhaa wiki hiyo mpaka hofu iwe chini ya 4. Ndipo ushuke kituoni, usimame hapo nusu saa. Itapanda, kisha itashuka yenyewe. Ukiondoka ikiwa juu, umeifundisha tena kwamba kukimbia ndiyo dawa. Ukizoea hapo, nenda siku ya manyunyu. Bodaboda kwenye mvua sikwambii upande. Kuikataa hiyo si woga.

Siku yenyewe isiwe tupu, wala usiijaze kazi mpaka ukose pumzi. Saa kumi na moja jioni, saa ya ajali, uwe na mtu anayejua ni siku gani; mwambie mapema unachotaka, kama ni kuongea au kukaa tu, kwa sababu asiyejua atakwambia "sahau".

Hali ikiendelea mwezi mzima baada ya tarehe, au ikikushinda kufanya kazi, nenda idara ya afya ya akili pale Muhimbili. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Na kifua kikikuuma ukipanda ngazi, hilo ni jambo jingine, kapimwe moyo sasa hivi.

Jumapili ya kwanza ukishapita Manzese, nitumie namba tu, ilikuwa ngapi kati ya 10.

Mama yako